Helisi Iliyovunjika Mbele ya Mama

Ninafanya kazi Uvira, kando ya ziwa, kwenye kituo cha serikali kinachochunguza metali za kutengenezea mashine. Tuko watu wachache na tanuru moja. Kazi yetu kubwa ilikuwa helisi, yale mapanga yanayozungushwa na mota nyuma ya boti. Wavuvi huagiza helisi kutoka mbali, na zikigusa mchanga zinapinda. Sisi tuliyeyusha alumini chakavu, tukaichanganya na metali nyingine mpaka ikawa ngumu kuliko ya dukani. Vipande tulivyovijaribu wakati wa kiangazi kwa mashine ya kuvuta vilikataa kukatika. Nilifurahi mno.

Wakubwa wa wizara walipotoka Kinshasa kuja kuiona, nilimwita mama kutoka Luvungi. Alifika kwa pikipiki, yeye na wenzake wa kwaya, wote wamevaa kitenge cha aina moja. Mimi nilipewa mikro, kipaza sauti, niwaeleze watu kazi yetu.

"Ule mwenye kushika mikro ni binti yangu," aliwaambia watu ufukweni. "Ile helisi, ni yeye iko anatengeneza."

Boti ilitoka vizuri. Ilipofika kwenye maji marefu, mota ikalia kama imekabwa, boti ikaanza kuelea tu. Wavuvi waliifuata kwa makasia, wakaivuta mpaka nchi kavu. Panga moja la helisi lilikuwa limeng'oka.

"Serikali imepika ugali mubichi!" mtu alipiga kelele, na ufukwe mzima ukacheka.

Mama akasimama. "Ni jiwe! Miye niliona, imegonga jiwe!"

Wenzake wa kwaya wakaitikia. Mkubwa wa msafara akanigeukia: "Ni jiwe?"

Kwenye maji marefu vile hakuna jiwe la kufikia helisi. Mikro ilikuwa bado mdomoni. "Hapana," nilisema. "Imevunjika yenyewe. Ni kazi yetu."

Sauti yangu ilifika kila mahali. Nilimwona mama akiinama kukaza kitenge ambacho hakikuwa kimelegea. Uso uliniwaka, sikujua nimwangalie nani.

Nyumbani kwangu mama hakugusa chakula. "Weye umenifanya muongo mbele ya watu."

"Mama, ningekubali jiwe, kesho mvuvi angeifunga kwenye boti yake, akwame katikati ya ziwa."

"Basi ungesema polepole. Bila mikro."

Nilichukua sahani yake, nikaifunika.

Tulipoikata ile helisi, nje iling'aa, ndani ilikuwa na vitundu kama mkate. Unyevu wa masika ulikuwa umeingia kwenye alumini ikiyeyuka. Siku hizi tunakausha chakavu na kupasha moto kalibu, lile umbo la kumiminia, kabla ya kumimina, na helisi yetu moja inasukuma boti ya mvuvi wa mtaa wa Rugenge hadi leo. Nilimpigia mama simu kumwambia.

"Mungu asifiwe," alisema, kisha akaniuliza kama ninakula vizuri. Hakuomba kuja kuiona.

Nikienda Luvungi kusali, ninakaa benchi la nyuma. Kwaya ya mama ikiimba, ninaangalia sakafu.