Kilio cha Zimwi

Katika zile filamu za mzaha mchafu ambazo Ogoti alizirekodi kwa simu nyuma ya soko la Mosocho, hadithi za nyanya zikigeuzwa mambo ya kitandani, yule fundi viatu ndiye aliyekuwa zimwi siku zote. Vidole vyake vilinuka gundi. Kabla ya kuigiza alivua kofia, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha bibi harusi wa filamu alimfungia zimwi nje ya chumba, suruali ikamteremka hadi magotini, naye akalia kwa sauti nyembamba kama ya mbuzi. Hadi kule mbali Kebirigo watu walimcheka. Wenzake wakiangua kicheko na kuharibu kipande, hakukasirika, aliuliza tu kwa upole, "Turudie?"

Jumatano alimzika mkewe kando ya migomba, Ogoti akirekodi mazishi. Alivua kofia, akaikunja, akaitia mfukoni. Jeneza liliposhuka alilia, na sauti ikatoka ileile, maana hakuwa na nyingine. Mtu mmoja akacheka, kisha boma zima. Hata pasta alificha uso kwenye Biblia. Fundi akanyamaza. Akajipangusa midomo, akamtazama Ogoti.

"Turudie?" akauliza.