Hotuba za Tuzo Alizotutafsiria Baba

Duka la Mhindi pale Gulfton, mtaa wetu wa wahamiaji ughaibuni, lilinuka bizari, ubani na plastiki ya mikanda ya video iliyokaa juani nyuma ya kioo. Kila Jumamosi baba alinishika mkono tukaenda kukodi mkanda, na miaka ile ya tisini mwishoni hakuna uliogombaniwa kama ule wa sherehe za tuzo za filamu. Baba alikulia Tanga, kwenye majumba ya sinema za Kihindi, na alikuwa na mwigizaji wake mmoja tu. Alijua tuzo zake zote, ipi alipewa kwa filamu ipi, na ipi alidhulumiwa. Kutwa nzima alisukuma vigari vya mashuka machafu hospitalini, ambako hakuna aliyemwita kwa jina.

Jioni chumba chetu kilijaa majirani. Hakuna kati yao aliyejua Kihindi, kwa hiyo baba alisimama kando ya televisheni akitafsiri, kama watafsiri wa vibanda vya video kule nyumbani. Siku moja mwigizaji wake alipanda jukwaani, akaibusu sanamu yake, akasema maneno machache.

“Papa Zuhura, anasema nini?” aliuliza Mama Furaha, jirani yetu kutoka Bukavu, aliyemwita baba kwa jina langu.

“Anasema tuzo hii si yake,” baba alijibu taratibu. “Ni ya kila mtu anayefanya kazi ugenini na hakuna anayemwona.”

Mama Furaha, aliyekuwa akikata kuku kiwandani, alijifuta macho kwa kitenge. Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa nimemwalika Meera, Mhindi niliyesoma naye darasa moja. Alininong'oneza kwamba mtu yule amemshukuru fundi wake wa nguo na kusema ana njaa, basi. Ningeweza kunyamaza. Lakini nilitaka Meera anione mjanja.

“Baba, hajasema hivyo,” nilisema kwa sauti. “Meera anasema una-make up tu, unajitungia.”

Mmoja alicheka, kisha wote. Baba alicheka pia, huku akitazama zulia. Jumamosi iliyofuata walimwomba Meera atafsiri. Alitafsiri kwa Kiingereza, nusu yao wasielewe, na baba akakaa jikoni akiosha vikombe. Mwezi haukuisha, wakaacha kuja. Baba hakunipiga wala kunigombeza, na hilo bado linaniuma. Mwigizaji alikuwa na kabati zima la tuzo. Baba alikuwa na ile nafasi ya kusimama kando ya televisheni, nami nilimnyang'anya mbele za watu.

Sasa tunaishi mji mwingine, Lewisville. Mwigizaji amezeeka, juzi katunukiwa nishani ya kazi ya maisha yake yote, na hotuba yake ilinifikia simuni ikiwa na tafsiri chini ya picha. Nilimpelekea baba simu chumbani kwake, nikamwomba anitafsirie.

Aliitazama mpaka ikaisha.

“Maandishi si yapo hapo chini, mwanangu,” alisema, akinirudishia simu. “Soma mwenyewe.”