Spoku Saba za Waya wa Marobota

Malimi Nyanda alikuwa fundi wa magurudumu, na Bariadi nzima ukisema fundi Malimi hukuulizwa yupi. Miaka kumi na tisa alifanya kazi kwenye gereji ya chama cha ushirika. Chama kilipopunguza wafanyakazi mwaka tisini na tatu, alihamishia spana zake kwenye kibanda cha mabati karibu na mnada wa ng'ombe, akaendelea kana kwamba aliyepunguzwa ni mtu mwingine. Maneno alikuwa nayo machache, majivuno mengi. Akishasuka ringi, aligonga spoku moja moja kwa spana akisikiliza mlio, na zisipolia sauti moja hakuitoa kibandani hata mwenye chombo alie machozi.

Mwaka tisini na tano, wiki chache kabla ya msimu wa pamba, Wilhelmina alimletea pikipiki juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Huyu alikuwa mjane wa Constantine, bwana shamba wa chama, aliyefariki miaka kumi na miwili nyuma kwenye barabara ya Kasoli. Chama kilikuwa kinauza vitu vyake chakavu, naye akaenda kununua pikipiki ile ile ya Kiingereza aliyofia mumewe. Watu walisema akili zimemruka. Hazikumruka. Soko la pamba lilikuwa limefunguliwa, wanunuzi binafsi walikuwa wanatafuta mawakala, na yeye alikwishapewa uwakala wa Kasoli. Injini ilikuwa imefufuliwa na kaka yake Marcelo, ambaye ndiye angeiendesha. Yalibaki magurudumu.

Malimi alijibu kwamba atayasuka upya yote mawili. Alijibu akitazama chini.

Mama yule alipoondoka, fundi alifuta kutu kwenye gurudumu la nyuma, na zikaonekana. Spoku thelathini na tatu za kiwandani, na saba alizozitengeneza yeye. Mwaka themanini na tatu kila kitu kilikuwa kimeadimika. Kipande cha sabuni kilikuwa habari ya kutangaziana, sembuse spoku. Pikipiki ya bwana shamba ilikuwa imekatika spoku saba, na wakubwa wa chama walitaka awe barabarani kesho yake. Malimi akachukua waya wa kufungia marobota ya pamba pale kwenye kinu cha kuchambulia pamba, akaukata, akauchonga meno ya kushika nati kwa mkono wake. Alisifiwa mbele ya mkutano, akapigiwa makofi. Lakini waya ule umezoea kubana robota lililotulia ghalani, si kubeba mtu kwenye mashimo. Hata siku ile alipogonga, zile saba zililia tofauti, sauti ya chini kama bati lililopasuka. Alisikia vizuri kabisa. Akaitoa.

Siku ya nne Constantine akaanguka.

Aliyetumwa kuleta mabaki ni Malimi mwenyewe. Aliona nne zimekatika shingoni na tatu zimepinda, akaisukuma pikipiki nyuma ya stoo, akaifunika magunia. Aliogopa kufukuzwa kazi na, tuseme ukweli, aliogopa zaidi kwa ajili ya jina lake. Wakati yeye amenyamaza, ukoo ukaenda kwa mganga, na mganga akamtaja Nyanjige, shangazi wa marehemu, kwamba ndiye aliyemroga, kwa kuwa wiki ile walikuwa wamegombana juu ya shamba. Watu waliokula ugali wake miaka yote ndio waliochoma nyumba yake. Mama wa watu akakimbilia Kimali kwa wajomba zake. Malimi alijiambia jambo litapoa. Halikupoa, lilizoeleka, na mimi naona hilo ni baya zaidi.

Sasa alikwenda dukani, akapewa spoku mpya za kutosha magurudumu yote mawili, na muuzaji anatafuna muwa wala hamtazami. Hapakuwa na barua ya mwenyekiti wala foleni kama enzi za uhaba. Alisimama pale kaunta, akazihesabu mara mbili. Siku tatu alisuka. Zile saba alizitupa kwenye rundo la vyuma chakavu, maana nani angejua? Jioni alirudi kuzitafuta kwa vidole, moja moja, akazifunga kwenye kitambaa.

Wilhelmina alipokuja kuchukua pikipiki, magurudumu yalizunguka bila kuyumba, akashukuru sana. Malimi alifungua kitambaa, akamweleza kila kitu tangu mwanzo, ile sauti aliyoisikia na magunia aliyofunikia. Hakujitetea kwa uhaba wa wakati ule.

Mama yule alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mimi ndiye niliyewasha ule moto kwa Nyanjige, Malimi," alisema. "Kiberiti nilishika mimi."

Malimi alianza kukifunga tena kile kitambaa.

"Marcelo haendeshi kwanza. Utaendesha wewe, nitakaa nyuma. Na hizo nyaya utazibeba wewe."

Waliondoka asubuhi. Njia ya Kimali ina makorongo na mawe, na kila gurudumu lilipozama shimoni moyo wa fundi ulizama nalo. Lakini spoku zilishika. Walifika jua limeshapita utosi, wakamkuta Nyanjige kibarazani anachambua mbegu za pamba, macho yamekwisha kuingia ukungu. Aliposikia jina la Wilhelmina aliinuka, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Kumwona mtu mzima anamwogopa hivyo aliyekuja kumpigia magoti ni jambo la aibu, na Malimi alilitazama lote, hakugeuza uso.

"Mwadila, mayu," Malimi alisalimia kwa Kisukuma kama anamsalimu mama yake, akapiga magoti vumbini. Kando yake Wilhelmina naye alipiga magoti. Malimi aliweka kitambaa kwenye mapaja ya bibi alipokwisha kuketi tena, akamweleza polepole: pikipiki ilivunjika gurudumu, gurudumu lilivunjika kwa sababu ya nyaya hizi, nyaya nilitia mimi, na nilijua.

Nyanjige alizipapasa. Alipitisha kidole pale zilipokatika, akaziweka chini, akazichukua tena. Wilhelmina alilia kwa sauti, akiomba msamaha, akisema nyumba itajengwa, shamba litarudi. Bibi alikuwa kama hamsikii.

"Tulikuwa tumegombana," alisema mwishowe. "Nilimwambia Constantine, utaona. Hasira tu. Halafu akafa. Wakasema ni mimi, nikakataa. Nikakataa mwaka mzima, miwili. Baadaye nikachoka. Nikasema labda ni kweli, labda nilimfanya kwa mdomo wangu bila kujua. Kila siku nimekuwa nikimwomba yule mtoto anisamehe."

Alinyoosha waya mmoja juu, karibu na macho, ingawa hayakuona.

"Basi si mimi," alisema.