Uwanja wa Netiboli wa Daraja Mbili

Mvua kubwa za mwaka ule zilipokatika, nilishuka Daraja Mbili kuangalia uwanja wetu wa netiboli nikakuta haupo. Mto ulikuwa umeacha njia yake na kumwaga pale tope na mawe kutoka huko juu Meru. Nguzo moja ya goli ilikuwa imelala, ringi imepinda. Ya pili ilikwenda na maji.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Jumamosi zangu zote zilikuwa za ligi ya wasichana, timu sita kuanzia Sekei mpaka Njiro. Zamani uwanja ulitunzwa na kiwanda cha jirani, hata chokaa ya mistari walileta wao. Kiwanda kilipouzwa na watu kupunguzwa kazi, tukabaki na kamati. Mwenyekiti wake alikuwa mzee wa Kichaga mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa kanisani, mpole, asiyepandisha sauti. Duka lake lilijaa makoleo na matoroli, kwa hiyo nilidhani baada ya wiki mbili tungekuwa tunacheza.

Aliitisha kikao. Kikao kikaunda kamati ndogo ya tathmini, yaani mimi na katibu. Tukaandika kwamba uwanja umejaa mawe. Mwenyekiti aliisoma taarifa taratibu, akaomba tufafanue ni mawe ya aina gani. Nikafafanua. Kikao cha tatu hakikutimiza akidi. Cha nne tulibishana kama barua ya kuomba msaada iandikwe kwa mkono au ipigwe taipu. Miezi mitatu ilipita hivyo, na wasichana wakaanza kufanya mazoezi barabarani, wakikimbia pembeni kila gari likipita.

Mwishowe nilichoka nikajitafutia njia. Baba wa mchezaji wangu mmoja alikuwa msimamizi wa ujenzi wa barabara, akakubali kutuletea greda Jumamosi asubuhi. Nikamwarifu mwenyekiti kwa heshima tu. Siku hiyo kina mama walikuja na majembe, wakapika na makande kabisa. Tulikaa mpaka saa saba mchana, greda halikuja. Nilipompata yule msimamizi akashangaa. Mzee wetu, alisema, alikuwa amemwendea Ijumaa kumwambia asijisumbue.

Niliingia dukani kwake na hasira zangu, na bado ikanibidi kwanza niseme shikamoo. Aliitikia, akanivutia kiti, akaagiza niletewe soda. Sikuigusa.

"Mzee, ni wewe uliyezuia greda?"

"Ni mimi, mwalimu."

Alinieleza bila haraka. Kule Sekei palikuwa na kiwanja cha mpira ambacho wanawe walikulia. Wazazi walichanga nguvu, wakakisawazisha kwa greda kikapendeza. Haukupita muda mrefu, mtu akaja na karatasi na kupima mipaka, na sasa ilisimama nyumba yenye ukuta na dishi juu ya paa. Alikuwa ameona kingine kikienda vilevile.

"Uwanja wenye mawe hakuna anayeutaka," alisema. "Tukiusawazisha vizuri, tunakuwa tumemwandalia mtu kiwanja chake."

Nilimuuliza kwa nini hakusema hivyo kikaoni. Akasema siku hizi hata kwenye kamati hajui nani ni nani. Nikamkumbusha kwamba alinifanya niandike kurasa mbili juu ya aina za mawe. Akajibu kwamba taarifa ile iliandikwa vizuri sana. Nilitaka kumrushia ile soda.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa na hoja. Tukakubaliana tusafishe katikati tu, kwa mikono, na upande wa barabara tuache tuta la mawe, ili apitaye na gari aone kifusi. Ilituchukua Jumamosi tano. Mwenyewe alikuja kila mara na mabuti yake ya mpira, akabeba mawe kama sisi, na nguzo mpya alizichomelea kwa mabomba ya dukani kwake. Siku ya mechi ya kwanza wasichana walicheza kama ng'ombe waliofunguliwa zizini, na kwa muda nikasahau kununa.

Lakini uwanja ulikuwa pungufu kwa hatua mbili, kwa sababu mzee hakuruhusu hata jiwe moja la upande wa barabara liondolewe. Mwalimu wa Njiro alikata rufaa kila timu yake ilipofungwa, akidai vipimo si halali. Kila rufaa ilihitaji kikao, na mwenyekiti alipenda vikao. Nilienda na kamba nikapima mbele yake, nikamwonyesha zile hatua mbili. Aliziangalia, akakubali kwamba ni mbili.

Uwanja ule haukuchukuliwa na mtu. Sijui kama ni mawe yaliyoukinga, au hakukuwa na aliyewahi kuutamani. Niliwahi kumuuliza, naye akasema swali hilo linafaa kuletwa kwenye kamati.