Neno Nililoliandika kwenye Fomu ya Imelda

Siku yangu ya kwanza kazini, Mganga Mfawidhi wa kituo alinikabidhi hadubini na chupa ya rangi, akanipeleka dirishani. Umeme haukuwapo. Tulilitega jua kwa kioo kidogo chini ya hadubini, na wingu likipita kazi inasimama.

"Bwana maabara," akaniambia, "ukikuta wadudu kwa mtoto aliyekwisha kunywa dozi, usiilaumu klorokwini. Muulize mama yake."

Niliyashika maneno hayo kama katekisimu.

Ninyi wa vipimo vya dakika chache hamkuijua kazi ya tone nene. Tulichoma kidole, tukapaka damu kwenye slaidi, ikakauka, tukaitia rangi, ndipo tukahesabu vimelea vya malaria. Vikiwa vichache, tuliandika msalaba mmoja, vikijaa, minne. Nilikuwa hodari, nasema bila haya.

Miaka ile ya soko huria, maduka ya dawa yalichipuka hadi vijijini kwetu upande wa Mpitimbi, vidonge vikauzwa kama karanga. Akina mama waligawa dozi ya mtoto mmoja kwa watatu. Homa ikishuka, vilivyobaki vikafichwa darini kungojea homa nyingine. Nilichoka kuwagombeza. Ikawa kila nikiona vimelea baada ya dozi, najua sababu kabla sijauliza.

Mama Imelda alikuja msimu wa palizi, bintiye mgongoni, siku moja tu baada ya kumaliza dozi ya siku tatu. Nikapima. Misalaba mitatu, ileile ya mwanzo.

"Mama, dawa umewagawia wangapi?"

"Sijagawa, daktari. Nilisaga, nikampa na uji, siku zote tatu. Karatasi yake hii hapa."

Akaikunjua karatasi ya daftari tuliyomfungia vidonge. Ilikuwa tupu.

"Karatasi haisemi nani kala."

"Chapanga, Mungu wetu, ananiona, daktari. Nimempa mwenyewe."

Kabatini ilikuwapo SP, dawa ya akiba. Mfawidhi aliitoa akiona fomu ya maabara imeandikwa "dawa imeshindwa." Mimi niliandika "dozi haikukamilika." Mtoto akaandikiwa klorokwini upya, na mama nikamsindikiza kwa karipio mpaka mlangoni. Siku ya tatu tulisikia Imelda amezikwa.

Miaka baadaye serikali iliiondoa klorokwini. Kwenye semina, mkufunzi alitueleza kwamba vimelea vilikuwa vimekwisha kuizoea siku nyingi. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Sasa nimestaafu. Watu huniambia nimeokoa wengi. Labda. Lakini hadubini iliniambia kweli, na mama aliniambia kweli, nami nikamsikiliza mkubwa wangu. Hilo halina dawa.

Mama Imelda naonana naye kanisani kila Jumapili. Huwakusanya mabinti wenye watoto wachanga, anawausia: "Malizeni dozi, wanangu. Mimi nilimpa vibaya, Imelda wangu akaniponyoka. Muulizeni daktari huyu."

Kisha ananigeukia, anapiga goti kidogo. "Shikamoo, daktari."

Mara nyingi nimetoka nyumbani nimejiandaa kumwambia. Naitikia marahaba, namwuliza habari za mahindi.