Giza la Nyuma ya Hema

Mdogo wangu alikuwa na miaka mitatu mama alipofariki. Picha za mama tunazo mbili tu: ya kitambulisho, na ile ya programu ya mazishi, ambayo ni hiyo hiyo ya kitambulisho ikiwa imekuzwa. Kwa hiyo mtoto amekua akiniuliza, mama alikuwa anachekaje? Alikuwa anageuza kichwa namna gani? Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilikuwa namjibu, "Kama watu wengine."

Mama akiongea na kujongea yuko mahali pamoja pekee, kwenye diski ya ruracio yangu, siku jamaa za mume wangu walipoleta mahari. Alikuwa ameshaanza kuugua, akakaa nyuma kabisa ya hema, kivulini, na mdogo wangu miguuni pake. Shangazi aliyeitazama zamani alisema anaonekana vizuri. Mimi sikuwahi kuitazama hadi mwisho. Ndoa ilivunjika mapema, nikaizika diski chini ya mashuka.

Mdogo wangu alipomaliza shule akaniomba nimwekee video hiyo kwenye simu. Nikaazima kisomaji cha diski kwa mwenzangu wa ofisini, nikaketi nacho Jumamosi mchana nyumbani kwangu, Loresho. Programu ya kubana video ina nambari ya ubora. Ukiipandisha, ubora unashuka na faili inapungua. Nikaipandisha, maana simu yake haina nafasi. Kuna pia kichujio cha kuondoa zile chembechembe zinazotambaa penye giza kama siafu. Kwangu zilikuwa uchafu, nikakiweka kwenye kiwango cha juu kabisa. Na niseme ukweli: nilitaka kumalizana na ile diski. Uso wa yule mwanamume niliyeachana naye ulikuwa unapita pita kwenye kioo, anatabasamu, na damu yangu inachemka.

Faili ilipokuwa tayari nilitazama mwanzo tu, wageni wakiimba langoni juani. Safi kabisa. Nikachukua mkasi wa jikoni nikaikata diski vipande vipande, na nilisikia raha. Hasira hasara, lakini mwenye hasira hana muda wa methali.

Mdogo wangu alikuja Jumapili baada ya kanisa. Tukakaa kwenye kochi, simu akaishika yeye. Wageni wakapita, nyimbo zikapita, kisha kamera ikaingia hemani. Akajiona, gauni jeupe, uso ameuinua, anacheka na kitu. Mbele yake palikuwa na weusi mtupu, uliokatika miraba miraba. Yule mtoto alikuwa anauongelesha. Akaunyooshea biskuti. Mkono ukatoka kwenye weusi, mkono tu, ukaipokea, ukarudi ndani ukayeyuka.

"Asante, mami," giza likasema, kisha likakohoa.

Zile chembechembe nilizozifuta ndizo zilizokuwa uso wake.

"Mama ako wapi?" mdogo wangu akauliza.

"Hapo."

"Hapo wapi, sista? Mimi naona giza tu. Leta diski tujaribu tena."

Nikamwambia nimeikata. Nikamwambia pia kwamba nilikuwa nimempigia mpiga video asubuhi hiyo, kabla ya kanisa, hasira ikiwa imeshuka, nikitaka nakala nyingine niiweke akiba. Laini imekufa, na studio yake ya Adams Arcade sasa inauza mawigi. Hakupaza sauti. Afadhali angenifokea. Kamera ikarudi juani, na yule mwanamume akajaa kwenye kioo, unaweza kumhesabu nywele za kidevu.

"Huyu umemtoa fiti," akasema.

Nililia. Akanisubiri ninyamaze, kisha akaniuliza polepole, "Basi niambie wewe. Nikimpa biskuti, alikuwa anacheka ama?"

Saa ile nilikuwa nje, nimefunikwa leso kichwa hadi miguu pamoja na wasichana wengine, tunangoja bwana arusi abahatishe yupi ni wake. Ndiyo mila. Sikumwona mama.

"Sijui," nikamwambia.

Akairudisha video nyuma. Akaongeza mwangaza wa simu mpaka mwisho, akaisogeza karibu na macho. Giza likageuka kijivu. Hapakuwa na mtu.