Kazini Kwangu Ni Barazani

Nimejicheka vya kutosha, sasa zamu yenu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu hapa Tabora. Kazi na nyumba vilikuwa vimechanganyika mpaka mgongo ukakataa. Nikajiwekea utaratibu: asubuhi namuaga mke wangu, natokea uani, nazunguka msikiti, nafika barazani. Hapo nimeenda kazini. Adhuhuri narudi kwa njia ileile. Mgongo umetulia, na usingizi naupata.

Jana akaja mama mmoja, khanga imemfunika uso, akauliza kwa sauti ya chini iwapo wenye nyumba wapo. Sikuinua macho.

"Mke yuko sokoni, mume yuko kazini. Subiri."

Akaketi pembeni, akanipa mgongo. Nikamdhani mgeni mwenye haya tu, nikaendelea kushona.

Adhuhuri nikazunguka msikiti, nikaingia kwa uani. Mke wangu alikwisha rudi.

"Mama hajafika kutoka Ipole?"

Nikafungua mlango wa mbele. Mkwe wangu alikuwa palepale kando ya cherehani, kibuyu cha asali mapajani, uso bado umefunikwa kwa heshima ya ukwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pole na safari ya kutoka kazini."